Ndege ya Mezani Ina Somo Lake

Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mtu mzima huyapita akiyadharau, kumbe ndani yake mna somo ambalo hakulipata katika semina wala katika mkutano. Leo napenda kueleza jambo moja la namna hiyo, nami naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, nilimkuta mpwa wangu amejifungia chumbani. Juu ya meza alikuwa ametandaza gazeti kuukuu, na juu ya gazeti hilo palikuwa na vikopo vya rangi vidogo mithili ya vikombe vya kahawa, brashi nyembamba, bakuli la maji ya uvuguvugu, na ndege ya plastiki ambayo urefu wake ulipindukia kidogo tu rula ya mwanafunzi. Nami, kama tulivyo wengi tuliozoea majukwaa, sikuuliza kitu, nilihutubia. Nilimwambia kuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hapaswi kuchezea vitu vya watoto ilhali taifa linahitaji nguvukazi. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Sawa mjomba, lakini tafadhali usiishike bawa. Rangi haijakauka."

Hapo akaingia mzee mmoja jirani yetu, ambaye katika ujana wake alipata kupakia mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Tulimwamkia, akaketi, akavaa miwani yake, akaitazama ile ndege kwa muda mrefu bila ya kusema neno. Mwishowe akaweka kidole karibu na ubavu wake, bila ya kuugusa, akasema: "Hii VC10 ya East African. Lakini mwanangu, umeibandika 5X-UVA. Hiyo ilikuwa ya Uganda, nayo ndiyo iliyopotea Addis Ababa. Ya kwetu ilianza kwa 5H."

Chumba kizima kilinyamaza. Mimi niliyekwisha hutubia sikujua hata kimoja katika hayo matatu.

Yafaa basi tuielewe kazi yenyewe kabla ya kuihukumu. Vijimodeli hivi huuzwa vikiwa vipande vipande ndani ya boksi. Kampuni ya Airfix ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1939, ndiyo iliyoeneza sana kazi hii baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa bei ambayo hata mtoto wa mfanyakazi wa kule aliweza kuimudu. Kila kijimodeli hufuata kipimo. Huyo VC10 wa mpwa wangu alikuwa wa kipimo cha 1 kwa 144, maana yake kila sentimita moja ya mezani ni sentimita 144 za ndege halisi. Super VC10 halisi ilikuwa na urefu wa meta 52 na ushei. Mezani ikawa sentimita 36. Mabawa yake yalitanda meta 44 na nusu. Mezani yakawa sentimita 31. Mwanafunzi anayechukia hesabu za uwiano darasani huzifanya hapa kwa hiari yake, tena bila ya kuchapwa.

Kuunganisha vipande ndilo jambo jepesi. Mtihani ni rangi. Kwanza vipande huoshwa kwa maji na sabuni, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya kalibu, na rangi haishiki penye mafuta. Kisha maungio husuguliwa kwa msasa laini hadi ukipitisha ukucha usihisi kitu. Ndipo hupakwa rangi ya msingi, na juu yake rangi yenyewe, kwa tabaka nyembamba nyingi. Anayetaka kumaliza kwa tabaka moja nene huiona rangi ikichuruzika na kuziba mistari yote ya milango na madirisha. Rangi nyeupe ndiyo ngumu kupita zote, kwani huonesha kila kosa lililo chini yake. Nayo ndege ya abiria, kama ilivyokuwa VC10 hii, huwa nyeupe mgongo mzima. Mistari ya ubavuni huzuiliwa kwa utepe wa gundi ili ukingo wake unyooke kama uzi wa fundi mwashi. Na hapa visiwani pana adui wa ziada, nao ni unyevu. Ukipuliza vanishi siku ya mvua za masika, hugeuka ukungu mweupe, na kazi ya wiki mbili ikaharibika mbele ya macho yako.

Baada ya rangi huja nembo na herufi. Hizi hazichorwi kwa mkono. Huchapwa juu ya utando mwembamba ulioshikizwa kwenye karatasi kwa gundi ya maji. Vijana huziita stika za maji. Asili ya ufundi huu ni ya zamani kuliko ndege. Viwanda vya Ulaya vilihamisha maua na picha kutoka kwenye karatasi hadi kwenye vyombo vya udongo kwa njia iliyo jamaa na hii. Kwa hiyo bibi zetu waliopamba kuta za nyumba kwa sahani za kigeni zenye maua walikuwa na kazi ya namna hii ukutani tangu zamani, bila ya sisi kujiuliza yale maua yalifikaje pale.

Stika hukatwa kwa mkasi, ikatumbukizwa katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha ikaachwa mpaka iteleze yenyewe. Anayeivuta kabla ya wakati wake huichana. Huhamishwa kwa ncha ya brashi yenye maji, ikasukumwa taratibu mpaka ikae mahali pake, na maji yakafyonzwa kwa kitambaa. Ipo siri moja ambayo wengi huijua baada ya hasara: rangi iliyo chini lazima iwe ya kung'aa. Ikiwa ni ya kukwaruza, hewa hunaswa kati ya utando na rangi, na stika ikaonekana kama gamba la samaki lililokauka. Kwa hiyo hutangulia vanishi ya kung'aa, zikafuata stika, na mwisho vanishi nyingine ya kuzilinda.

Nilipomtazama mpwa wangu akifanya hayo nilikumbuka chuoni. Maalim alitufundisha kuandika kwenye ubao wa mti kwa kalamu ya tete. Ukiikosea herufi moja, ubao uliusafisha ukaanza upya, na hapakuwa na njia ya mkato. Nukta moja juu au chini hubadilisha neno zima. Kumbe hata ubavuni mwa ndege ni vivyo hivyo: X ikikaa mahali pa H, ndege imebadilisha nchi na historia.

Na historia hiyo ni yetu. Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki lilianza safari zake mwaka 1946, likimilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Naam, Zanzibar nayo ilikuwa na hisa yake, ingawa ndogo. Mwaka 1960 shirika liliingia katika zama za ndege za jeti kwa Comet 4, na mwaka 1966 likapokea Super VC10 ya kwanza. Ndege hiyo ya injini nne mkiani ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya viwanja vya nchi za joto na vilivyoinuka, kama vile Nairobi, ambako hewa nyepesi huzidhoofisha injini wakati wa kuruka.

Shirika lilinunua tano, zikasajiliwa katika nchi zote tatu. Uganda zilikuwa 5X-UVA na 5X-UVJ, Kenya 5Y-ADA, na Tanzania 5H-MMT na 5H-MOG. Tarehe 18 Aprili 1972, ile 5X-UVA ilishindwa kuondoka Addis Ababa baada ya gurudumu la mbele kupasuka, ikapita mwisho wa njia yake, na watu 43 kati ya 107 wakapoteza maisha. Mzee wetu alikuwa na haki ya kunyamaza alipoziona herufi zile.

Zilizobaki nne zilidumu hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na shirika likafa pamoja nayo. Kila nchi ikaunda lake. Ndege zile zikarudi Uingereza, zikanunuliwa na jeshi la anga la huko, zikageuzwa kuwa za kubeba mafuta na kuzijaza ndege nyingine zikiwa angani. Rangi zetu zilifunikwa. Herufi zetu zilifutwa, zikaandikwa namba kuanzia ZA147 hadi ZA150. Chini ya rangi hiyo ya kijeshi mwili ulikuwa ni ule ule. VC10 zote zilizoundwa duniani ni 54, na ya mwisho kabisa kutoka kiwandani ilikuwa 5H-MOG. Nayo safari ya mwisho ya VC10 yoyote, tarehe 25 Septemba 2013, ilifanywa na ZA147, ambayo zamani ndiyo 5H-MMT. Ya mwisho kuundwa na ya mwisho kuruka, zote mbili zilipata kubeba herufi ya Tanzania. Je, ni wangapi kati yetu, tukiwemo sisi tunaopewa dhamana ya kuwaelekeza vijana, tuliolijua jambo hilo?

Jibu langu mimi mmelisikia. Wanaojua ni wapenda vijimodeli, na wengi wao wako ng'ambo. Wao hubishana kwa miaka juu ya upana wa mstari mmoja wa rangi, hukusanya picha, na huandikiana na waliofanya kazi viwanjani. Sisi tulioipanda ndege, tulioipakia mizigo na tulioikaribisha kwa ngoma, tumewaachia watu wengine kazi ya kukumbuka rangi yake. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa.

Wapo watakaosema kuwa huu ni mchezo wa kigeni na wa ghali. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Seti hutoka nje, na aghalabu katika maduka ya huko nyingi ni za ndege za vita. Lakini ugeni uko katika boksi, haumo katika ufundi. Watoto wetu huchonga vijingalawa kwa mti mwepesi na kuvishindanisha ufukweni. Wachoraji wetu huandika majina ya majahazi kwenye tezi, herufi zimenyooka ilhali ubao umepinda. Mkono huo hauhitaji kufundishwa subira. Unahitaji kupewa kazi ya kufanya. Kijimodeli cha mti, kilichopimwa kwa hesabu sahihi na kupakwa rangi za dukani kwetu, kina thamani ile ile mradi herufi zake ziwe za kweli.

Kwa hiyo natoa rai kwa viongozi wanaohusika na elimu, vijana na mambo ya kale. Sidai jengo wala fungu kubwa la fedha. Kila wilaya ina chumba kimoja cha skuli kinacholala kitupu wakati wa likizo. Kiwekwe meza, misasa, brashi na rangi. Pawepo mwalimu mmoja wa hesabu na mchoraji mmoja wa mtaani. Na lililo muhimu kuliko yote, waalikwe wazee waliofanya kazi katika viwanja vya ndege, bandarini na melini, wakae pembeni ya meza na kusahihisha. Kijana atauliza mstari ulikuwa wa rangi gani, na mzee atajibu. Jibu hilo liandikwe kwenye daftari, pamoja na jina lake na mwaka. Vijimodeli vikishakamilika viwekwe mahali ambapo wanafunzi watavitazama. Daftari lile litakuwa na thamani kuliko vijimodeli vyenyewe, lakini bila ya vijimodeli hakuna atakayekumbuka kuuliza.

Na jambo hili halingoji bajeti ya miaka mitano. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1970 leo amepindukia sabini. Kila msiba unaotangazwa huenda ukaondoka na jibu ambalo hatukuliuliza.

Jioni ile mpwa wangu hakukasirika. Vanishi ya mwisho ilikuwa bado haijapakwa, kwa hiyo alizilowesha zile stika za Uganda, akazibandua kwa utepe wa gundi kidogo kidogo, akairekebisha rangi, akasubiri ikauke siku mbili. Kisha akakata herufi nyingine kutoka kwenye karatasi ile ile. Mzee alirudi siku ya tatu, akaketi pale pale, akamshikia taa. Mimi nilipewa kazi ya kubadilisha maji ya bakuli, nami niliifanya kimya kimya. Ilipoteleza mahali pake na kukaa sawa, 5H-MMT, yule mzee aliivua miwani yake, akaifuta, akasema: "Hiyo ndiyo."

Ndugu viongozi, tuwaulize wazee wangali wapo.