BATLI, KUMBUKUMBU NA DAFTARI
Istilahi za Kurekodi Shughuli za Watumiaji wa Kompyuta

Mwaka 2021 sheria za Tanzania zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kabla ya hapo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwisha kuweka masharti ya kupokea data za kielektroniki kuwa ushahidi. Mambo hayo mawili yakikutana, mfasiri hujikuta mbele ya waraka ulioandikwa na kompyuta yenyewe, nao waweza kumtia mtu hatiani au kumwokoa. Waingereza huuita waraka huo "log". Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana hiyo na kupendekeza neno lake.

Dhana

Dhana hii si ngeni kwetu. Tuchukue mfano wa stesheni ya Usinge, Mkoa wa Tabora, iliyoko baina ya Kaliua na Nguruka katika Reli ya Kati. Reli hiyo, iliyorithi kazi ya njia ya misafara ya kwenda Ujiji, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mahali penye njia moja treni haziwezi kupishana ila stesheni. Kwa hiyo usalama hutegemea daftari la mwendo wa treni: ni treni gani, imefika saa ngapi, imeondoka saa ngapi. Maandishi ya namna hiyo yana sifa tatu. Kwanza, huandikwa tukio linapotukia, si baadaye kwa kukumbuka. Pili, hufuatana kwa wakati. Tatu, lililokwisha kuandikwa halifutwi.

Mfumo wa Unix, uliobuniwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani kuanzia mwaka 1969, ulikuzwa ili watu wengi watumie kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mtumiaji hupewa jina na nywila. Akiingia, mfumo huandika jina hilo, mahali lilipoingilia na saa. Akitoka, huandika tena. Msimamizi akitaka, mfumo huandika pia kila programu iliyoendeshwa na muda iliotumia; hesabu hiyo ilisaidia kuwagawia watumiaji gharama za mashine.

Uteuzi wa neno

"Kumbukumbu" ni neno linaloelemewa. Ni akili ya mtu kukumbuka, ni mihtasari ya mikutano, tena ni ile sehemu ya kompyuta inayohifadhi data. Fundi akiambiwa kwamba kumbukumbu imejaa, hajui aongeze kifaa au aondoe maandishi ya zamani.

"Daftari" lina upana mwingine. Daftari la wapiga kura huorodhesha watu, wala si matukio, nalo hurekebishwa kila inapobidi. Sifa ya tatu tuliyoitaja hailihusu.

"Batli" ni neno la mabaharia. Kamusi zimelihifadhi kwa maana ya kipimo cha mwendo wa chombo na kwa kitabu cha safari yake. Neno la Kiingereza nalo lilipita njia hiyo hiyo: lilianza kwa kipande cha gogo kilichotupwa majini kupimia mwendo, likaishia katika kitabu. Tunaona batli inafaa: ni fupi, na haijachukuliwa na dhana nyingine ya kompyuta.

Tahadhari kwa mfasiri

Batli huandika majina, haiandiki watu. Makarani watano wakitumia jina moja na nywila moja, batli itataja jina moja tu. Kwa sababu hiyo mfasiri asiandike "Fulani aliingia saa nane", bali "jina la mtumiaji la Fulani lilitumika kuingia saa nane". Sentensi ya kwanza imekwisha kutoa hukumu. Ya pili inamwachia hakimu kazi yake.

Aidha, mwenye mamlaka yote ya mfumo aweza kuibadili batli. Kinga yake ni kupeleka nakala katika mashine nyingine asiyoitawala. Ndivyo ilivyo kwa reli: treni iliyoandikwa Usinge huandikwa Kaliua pia, na daftari moja likighushiwa, la pili hulisuta.

Istilahi tunazopendekeza

Batli: maandishi ya matukio ya mfumo, yanayofuatana kwa wakati.
Faili la batli: faili linalohifadhi maandishi hayo.
Ingizo la batli: mstari mmoja wa tukio moja.
Kuandika batli: kurekodi matukio yanapotukia.
Kuingia, kutoka: kuanza na kumaliza kutumia mfumo kwa jina na nywila.
Jina la mtumiaji: jina linalotambuliwa na mfumo, lisichanganywe na mtu mwenyewe.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya katika kazi zao, kwani istilahi hukomaa kwa kutumiwa.