Usingizi na Maumivu ya Viungo: Kabla Hujanunua Dawa ya Kulalia

Ikonda, wilayani Makete, iko takribani mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai huko huwa wa baridi kali. Mwenye maumivu ya viungo hulala kwa tabu na kuamka vidole vimekakamaa. Wengi huishia dukani kuomba dawa ya kulalia. Tunaandika kuhusu ununuzi huo.

Jina baridi yabisi limewapotosha watu. Baridi huongeza maumivu na ukakamavu, lakini siyo inayoleta ugonjwa; wakazi wa Tanga na Zanzibar, wasioijua baridi ya Makete, nao huugua. Baridi yabisi hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia utando wa viungo. Ugonjwa mwingine ni kusagika kwa gegedu, unaowapata zaidi wenye umri mkubwa. Upo pia jongo, ambao shambulio lake mara nyingi huanza usiku.

Karibu na usiku wa manane, homoni ya kotisoli, ambayo husaidia kutuliza uvimbe, huwa chache mwilini, ilhali kemikali zinazochochea uvimbe huongezeka kuelekea alfajiri. Ndiyo sababu mwenye baridi yabisi anaweza kukakamaa kwa saa nzima au zaidi baada ya kuamka. Aliyesagika gegedu kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kupita. Aidha, ubongo wa mtu asiyelala vya kutosha huyapokea maumivu kwa ukali zaidi, kwa hiyo usiku mmoja mbaya huandaa mwingine.

Mtu aliyechoka hivyo hununua chochote, na wauzaji wanalijua hilo. Prednisoloni na deksamethasoni hutuliza uvimbe upesi, lakini zikitumiwa bila usimamizi wa daktari hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na zikinywewa jioni huweza kuzuia usingizi uleule unaotafutwa. Aliyezitumia kwa muda mrefu asiziache ghafla; amwone daktari. Diklofenaki na ibuprofeni zisinywewe pamoja, kwani zote huweza kujeruhi tumbo na figo. Diazepamu haitibu kiungo; humzoesha mtumiaji, na mzee anayeinuka usiku akiwa amelewa dawa huanguka na kuvunjika nyonga.

Tahadhari zaidi inahitajika kwa dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu yote kwa siku moja. Katika nchi mbalimbali, dawa za namna hiyo zimegunduliwa kuwa zimechanganywa kwa siri na dawa za hospitali. Dai kuona lebo, jina la mtengenezaji na usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Dawa ya kisasa iwe imesajiliwa na TMDA. Dai risiti pia, kwa kuwa bila risiti malalamiko yako hayana pa kusimamia. Na godoro linalotangazwa kuwa linatibu viungo? Nunua godoro lisilobonyea, kwa bei ya godoro.

Ulanzi nao huleta usingizi wa mwanzo, kisha humwamsha mnywaji kabla ya mapambazuko, na pombe huchochea jongo. Lakini linalotutia hofu kuliko yote ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani ili kupasha magoti joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na waliolala hawaamki. Tumia chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, soksi na blanketi la ziada.

Mchana tembea kadiri uwezavyo; jioni punguza chai ya rangi; lala na kuamka kwa saa zilezile. Ukilala ubavu, weka mto kati ya magoti.

Kiungo kikivimba na kuwa cha moto pamoja na homa, usingoje kuche. Ukakamavu wa asubuhi ukidumu kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya au hospitali, kama ile ya Consolata Ikonda ambako wagonjwa husafiri kutoka mikoa mingine pia. Mweleze daktari umelala saa ngapi, umeamshwa na kiungo kipi, na ukakamavu ulichukua muda gani kuisha. Beba pakiti za dawa zote ulizotumia, hata zile za mitishamba.