Urekebishaji wa besi zisizolingana

Urekebishaji wa besi zisizolingana ni njia ambayo seli hutumia kusahihisha makosa yaliyobaki katika DNA baada ya kunakiliwa. Njia hiyo ipo katika bakteria nyingi, kuvu, mimea na wanyama, akiwemo binadamu. Baadhi ya protini zake, pamoja na ndugu zake wa karibu, hufanya kazi pia katika meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaozalisha mayai na manii.

Chanzo cha makosa

DNA ina nyuzi mbili. Adenini (A) ya uzi mmoja hukabiliana na timini (T) ya uzi wa pili, na guanini (G) hukabiliana na sitosini (C). Kimeng'enya polimerasi kinaponakili nyuzi hizo husahihisha makosa yake mengi palepale, lakini machache hukiponyoka, kwa mfano G ikikabiliana na T. Urekebishaji huu hupunguza makosa hayo kwa takriban mara 100 hadi 1,000.

Hatua za urekebishaji

G na T zote ni besi halali. Kosa ni kukaa pamoja. Kwa hiyo seli inapaswa kujua uzi upi ni mpya. Ikibadilisha uzi wa zamani, kosa linakuwa la kudumu.

Katika bakteria Escherichia coli, uzi wa zamani una alama za methili kwenye mfuatano GATC, na uzi mpya bado hauna. Protini MutS hutambua kosa, MutL huita MutH, na MutH hukata uzi mpya. Kipande chenye kosa huondolewa, polimerasi hujaza pengo, kisha ligasi huunga uzi. Binadamu hana MutH. Kazi hiyo hufanywa hasa na MSH2, MSH6, MLH1 na PMS2, na uzi mpya hutambulika kwa mikato iliyomo ndani yake.

Kwa utafiti wa njia hii Paul Modrich wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015, pamoja na Tomas Lindahl na Aziz Sancar waliochunguza njia nyingine za kurekebisha DNA.

Katika meiosisi

Hapa seli huikata DNA yake makusudi kwa protini SPO11. Ncha zilizokatwa, zikiongozwa na RAD51 na DMC1, hutafuta mfuatano unaofanana katika kromosomu mwenza, iliyotoka kwa mzazi mwingine. Uzi wa baba ukiungana na wa mama, besi zisizolingana hujitokeza, na zikirekebishwa mfuatano wa mzazi mmoja unaweza kuchukua nafasi ya ule wa mwingine.

MSH4 na MSH5 huimarisha maungio hayo, na MLH1 pamoja na MLH3 huyakata ili vipande vibadilishane. Mabadilishano hayo pia huzishika kromosomu mbili pamoja hadi wakati wa kutengana. Yakikosekana, yai linaweza kupata kromosomu ya ziada. Kromosomu 21 ikizidi, mtoto huzaliwa na sindromu ya Down.

Umuhimu kwa afya

Mtu aliyerithi nakala mbovu ya MLH1, MSH2, MSH6 au PMS2 ana sindromu ya Lynch. Nakala nzima iliyobaki ikiharibika katika seli fulani, makosa hurundikana humo. Hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi huongezeka, hata katika umri mdogo. Uchunguzi wa utumbo wa mara kwa mara huwezesha vivimbe kuondolewa kabla havijawa saratani.