Mtoto wa Mbwa Katika Nyumba ya Muislamu: Twahara, Malezi na Chanjo

Jioni moja baada ya Swala ya Isha, msimu wa kuchuma kahawa ukiwa umekaribia, kamati yetu ya msikiti hapa Mbinga ililetewa shauri. Muumini mmoja, mkulima wa kahawa, alikuwa ameleta nyumbani mtoto wa mbwa wa miezi miwili ili akikua alinde vichanja vya kuanikia kahawa, kwa kuwa mwaka uliotangulia aliibiwa usiku. Baadhi ya majirani hawakuridhika. Mzee mmoja wa safu ya kwanza alitwambia: "Katibu, mwanangu, mwambieni amtoe. Nyumba ya Muislamu si mahali pa mbwa."

Tuliomba muda wa kurejea vitabu. Kabla hatujakaa tena, yule mbwa alimng'ata mtoto wa miaka sita wa nyumba ile, aliyekuwa amemwondolea bakuli wakati anakula. Jambo lililotushtua ni hili: sufuria aliyoiramba mbwa siku hiyo ilioshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Mkono wa mtoto ulipanguswa kwa kitambaa tu, ukafungwa. Wala mbwa mwenyewe hakuwa ameonwa na mtaalamu wa mifugo, kwa sababu hapakuwa na mtu nyumbani aliyekubali kumshika.

Hapo tukatambua kuwa swali la "anaruhusiwa au haruhusiwi" lilikuwa nusu ya shauri. Nusu ya pili ni kujua, akisharuhusiwa, tunawajibika nini kwake na kwa watoto wetu.

Sheria inasemaje

Hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kuwa anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu zake kila siku. Lakini hadithi hizo hizo zimewatoa katika katazo mbwa wa mifugo, wa kuwinda na wa shamba. Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, aliangalia hata suala la kumlea mtoto wa mbwa ili afunzwe kazi hizo, na kauli aliyoiona kuwa sahihi zaidi ni kwamba yafaa. Vilevile aliona kuwa kulinda nyumba kunaingia katika haja hiyo kwa kipimo cha sababu ile ile.

Qur'ani nayo, katika Suratul Maida aya ya 4, inawataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na inayahesabu mafunzo hayo kuwa ni elimu itokayo kwa Allah. Basi kumfunza mbwa si upuuzi wala si kuiga wageni.

Wakulima wa mkoa wetu wanaijua haja hiyo. Kuanzia milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, anayelima mahindi au mihogo karibu na pori hupambana na nguruwe pori na nyani. Mbwa mwenye kazi hiyo ana ruhusa. Asiye na kazi, anayeletwa kwa fahari tu, hana.

Twahara bila ukatili

Katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa naye kwa unyevunyevu huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mguso mkavu kwa mkavu hauhamishi najisi. Wengi hawalijui hili, na kutolijua ndiko kunakowafanya wamkimbie mbwa wao, wamfunge kamba fupi kutwa nzima na kumtupia chakula kwa mbali kama adui.

Njia nyepesi ipo. Mjengeeni kibanda nje, kisichovuja, mbali na mahali pa kuswalia na jikoni. Awe na bakuli lake la chakula na lake la maji, visichanganywe na vyombo vya nyumba. Anayemhudumia awe na nguo ya kazi na glovu. Kwa mpango huo twahara inabaki salama, na mnyama hateswi. Tukumbuke yule mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteka maji kisimani na kumnywesha mbwa mwenye kiu, na yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Mtume (s.a.w.) ametusimulia yote mawili.

Chakula na mafunzo

Mtoto wa mbwa asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki nane. Akifika nyumbani ale kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku: ugali laini au uji mzito wa dona uliochanganywa na dagaa wa ziwani hutosheleza familia nyingi. Asipewe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vikali na kumchoma tumboni. Wala mabaki yenye vitunguu vingi, kwa kuwa vitunguu humdhuru damu. Siku ya Idi ya kuchinja, msimrushie maini au mapafu mabichi yenye malengelenge. Humo hukaa vijidudu vya minyoo ya tegu ambavyo mbwa akivila huwarudishia wanadamu ugonjwa. Vifukieni chini sana. Dawa ya minyoo apewe mapema, kwa ratiba ya mtaalamu wa mifugo.

Mafunzo yaanze siku ya kwanza. Chagueni maneno machache, kama "kaa", "njoo" na "acha", na nyumba nzima itumie maneno hayo hayo. Baba akisema "njoo" na mama akisema "hebu huku", mnyama atachanganyikiwa. Akitii, mtupieni papo hapo kipande cha dagaa na kumsifu kwa sauti. Dakika tano, mara kadhaa kwa siku, zinatosha. Njia hii haihitaji kumpapasa, kwa hiyo inatufaa sisi Mashafii. Fimbo haimfundishi kazi. Humfundisha woga, na mbwa mwoga ndiye hung'ata watu.

Azoeshwe mapema kuona wageni, kusikia adhana, pikipiki na watoto wanaopita kwenda madrasa, ili akikua ajue kumtofautisha mpita njia na mwizi. Watoto nao wafunzwe: mbwa anayekula au aliyelala hasogelewi, na mbwa asiyejulikana hakimbiwi wala kurushiwa mawe.

Chanjo ni sehemu ya ruhusa

Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na takriban asilimia 40 ya waathirika ni watoto wa chini ya miaka 15. Hata hivyo unazuilika. Mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu aking'atwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata likiwa mkwaruzo, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mfano tunao kwa ndugu zetu wa Pemba, kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu. Huko mbwa walichanjwa kwa kampeni, na ugonjwa ulipoibuka tena mwaka 2016 kampeni zikarudiwa hadi maambukizi yakakatika mwaka 2018. Twahara yao haikuharibika kwa kuwachanja mbwa, na watoto wao wakasalimika.

Shauri lilivyokwisha

Yule mtoto tulihimiza apelekwe hospitali asubuhi iliyofuata, akaoshwa jeraha na kumaliza sindano zote. Mbwa alifungwa na kuangaliwa kwa siku kumi. Hakuonesha dalili yoyote, na alipotimiza umri akachanjwa. Kamati iliamua kuwa mwenye kahawa abaki naye kwa masharti matatu: kibanda nje, chanjo kila mwaka, na mtu mzima mmoja mwenye dhamana ya kumfunza.

Tulipotangaza uamuzi huo baada ya Swala ya Ijumaa na kuomba majina ya wenye mbwa ili tumwite mtaalamu wa mifugo, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yule mzee. "Niandikieni wawili," alisema. "Wapo shambani, upande wa Mbamba Bay. Nilidhani wa shambani hawahesabiwi."

Wanahesabiwa, ndugu zetu. Kila aliyeko chini ya mikono yetu ni amana, na siku ya Kiyama tutaulizwa juu yake. Kabla ya msimu ujao kila msikiti wa mwambao na wa milimani uandike orodha yake, na wazazi wawafundishe watoto kuosha jeraha kama tulivyowafundisha kuosha chombo.

Wallahu a'lam.