Pesa ilikuwa wapi dakika zile 17?

Jioni ya Idd pili, Kizingo hapaingiliki. Kuanzia Lighthouse mpaka chini ya mibuyu ya Mama Ngina ni watu tu: watoto na nguo zao mpya, karai za mihogo, madafu yamerundikwa kwenye mikokoteni, na meli ikielekea Kilindini inapita karibu hivi utadhani ukinyoosha mkono utaigusa. Hapo ndipo mama mmoja, muuza mihogo na madafu na mteja wetu wa siku nyingi, alipotupa swali ambalo tulirudi nalo ofisini.

Kijana alikuja na wenzake, wakala, wakanywa, hesabu ikafika shilingi 480. Akafungua programu kwenye simu yake, akaweka namba ya siri. Kile kiduara kikaanza kuzunguka.

"Mama, ishaenda."

"Huku haijaingia, mwanangu."

Nyuma kuna foleni, mafuta yanachemka, wenzake wanamtazama. Nani anataka kuonekana tapeli siku ya sikukuu? Akatuma tena, safari hii kwa menyu ya nyota na reli. Sekunde chache, mlio: 480 imeingia. Akaondoka mbio kuwahi feri ya Likoni. Dakika 17 baadaye simu ya mama ikalia tena. Shilingi 480, mtu yuleyule, na saa iliyoandikwa kwenye ujumbe inaonyesha kwamba haya ndiyo malipo ya kwanza.

Mama akatuuliza: "Sasa hizi pesa muda wote huo zilikuwa wapi? Njiani?"

La, hazikuwa njiani. Pesa ya simu haisafiri hata kidogo. Iko kwenye daftari moja, ndani ya mitambo ya kampuni, na kutuma ni kubadilisha mistari miwili ya daftari hilo: wa kijana unapungua 480, wa mama unaongezeka 480. Mistari hiyo hubadilika kwa pamoja. Mmoja ukishindikana, na wa pili hufutwa, kama vile hakuna kilichofanyika. Kwa hiyo wakati wowote ule, pesa ama ni ya kijana ama ni ya mama. Hapana katikati. Siku ile ilikuwa ya mama tangu dakika ya kwanza, ila yeye hakuwa na habari.

Kinachosafiri ni maneno. Kuna ombi linalokwenda na taarifa inayorudi, na kila moja ina njia yake.

Programu ya simu hupita njia ya data. Mnara mmoja huwagawia data watu wote walio chini yake, na Lighthouse siku ya Idd kila mmoja anatuma video ya bahari. Menyu ya nyota na reli haigusi data. Hutumia njia nyembamba ambayo simu yako huongea na mnara hata ikiwa mfukoni, ileile inayoleta habari kwamba unapigiwa. Maneno yake ni machache, ndiyo maana mara nyingi hupenya pale programu imekwama. Ubaya wake ni kwamba haina subira: ni mazungumzo ya papo kwa papo, na mtandao ukiyumba menyu inakatika hapohapo.

Ujumbe mfupi ni mwingine kabisa. Huo una subira hata kupita kiasi. Kwanza hufika kwenye kituo cha ujumbe, kikauhifadhi, kisha kikajaribu kuufikisha kwenye simu yako. Kikishindwa, husubiri kidogo na kujaribu tena. Ndiyo sababu ujumbe wa nyuma unaweza kumpita wa mbele, kama ilivyomkuta mama. Ujumbe ulichelewa, lakini daftari halikuchelewa.

Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa pale kando alikuwa na jibu lake: "Ni zile waya za baharini, zimekatwa tena." Siku ile haikuwa hivyo, lakini tusimcheke, maana anakumbuka vizuri. Tarehe 25 Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitia nanga mahali pasiporuhusiwa, ikaukata waya wa TEAMS unaotoka hapa kwetu mpaka Fujairah. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya nzima na kwa majirani.

Na kuna wakati waya hizo ziliigusa pesa yenyewe. M-Pesa ilianza Machi 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Yaani mtu wa Likoni akimtumia nduguye wa Kizingo, watu wanaoweza karibu kupungiana mikono ng'ambo ya maji, ombi lake lilikwenda mpaka Ulaya na kurudi. Hata hivyo umbali si mchawi. Mwangaza ndani ya waya wa kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kinachokuweka na simu mkononi ni foleni.

Sasa turudi kwa kijana, kwa sababu shilingi 480 zake ni za kweli. Kosa lilikuwa pale alipotuma mara ya pili bila kuuliza salio. Menyu au programu ikikatika kabla hujaweka namba ya siri, hakuna kilichotumwa. Ikikatika baada ya hapo, hujui, na skrini haijui vilevile. Salio ndilo linalosoma daftari. (Na sisi tunaotengeneza skrini hizi tukubali: neno "inashughulikiwa" halimsaidii mtu mwenye foleni nyuma yake.)

Kwa muuzaji ni hivyohivyo. Usihukumu kwa ujumbe, wala kwa simu ya mteja unayoonyeshwa. Ujumbe wa uongo hutengenezwa ukafanana na wa kweli mpaka nukta ya mwisho. Angalia salio lako. Likiwa limeongezeka, umelipwa, hata kama simu haijalia.

Mama alitaka kumrudishia kijana pesa papo hapo kwa namba iliyokuwa kwenye ujumbe. Tulimwambia angoje. Kuna wajanja wanaolipa, wakapiga simu wakilia kwamba wamekosea, wakarudishiwa kwa mkono, kisha wakaomba kampuni nayo ibatilishe malipo yaleyale. Muuzaji anatoka kapa mara mbili. Malipo yaliyokosewa yarudishwe kupitia huduma kwa wateja, ambako wanaliona daftari, na yarudi mara moja tu.

Ila kijana hakufika huko. Jioni iliyofuata alivuka na feri, akasimama mbele ya karai, wakafungua simu zote mbili wakalinganisha saa. Akakataa kurudishiwa, akasema atazila. Tulipopita juzi alikuwa bado anadai sahani moja ya mihogo.