Takwimu Huzeeka: Wahariri wa Kujitolea na Uchumi wa Rwanda katika Wikipedia ya Kiswahili

Mwanafunzi wa Kigali akitaka kujua habari za uchumi wa nchi yake kwa Kiswahili, aghalabu hafungui kitabu. Huingia kwenye intaneti, na mojawapo ya mahali pa kwanza anapofikishwa ni Wikipedia, kamusi elezo huru ambayo toleo lake la Kiswahili lilianzishwa mwaka 2003 na ambalo leo lina makala zaidi ya 80,000. Makala hayo hayakuandikwa na ofisi ya serikali wala na shirika la uchapishaji. Yameandikwa na watu wa kujitolea: walimu, wanafunzi, watumishi wa dini, wastaafu, na wengine ambao hatutawajua kwa kuwa wanatumia majina ya kubuni. Hawalipwi.

Makala haya yanaeleza jinsi watu hao wanavyoweka na kurekebisha takwimu za uchumi, na kwa nini kazi hiyo inatuhusu sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili hapa Rwanda. Ikumbukwe kwamba Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa lugha rasmi kando ya Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Lakini lugha rasmi isiyoweza kumwambia mwananchi nchi yake inazalisha kiasi gani itakuwa rasmi kwenye Gazeti la Serikali tu. Mwanafunzi akikuta sentensi ya mwaka 2008 isiyotaja kuwa ni ya mwaka 2008, atafunga ukurasa na kwenda kusoma kwa Kiingereza. Akifanya hivyo mara tatu, mara ya nne hatakuja tena.

Makala kuhusu Mto Nyabarongo yakiandikwa vizuri leo yatafaa hata baada ya miaka ishirini. Makala kuhusu uchumi huanza kuzeeka siku ileile yanapohifadhiwa. Chukua sentensi rahisi kama hii: "Rwanda ina wakazi milioni nane." Katika sensa ya mwaka 2002 walihesabiwa watu 8,128,553, kwa hiyo aliyeandika hivyo wakati ule hakukosea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 10,515,973, na ile ya 2022 ikahesabu 13,246,394. Kosa la sentensi hiyo ni la kisarufi kuliko la kihesabu: kitenzi "ina" kimebeba wakati usio na tarehe. Mhariri mwenye uzoefu huandika "Katika sensa ya mwaka 2002 Rwanda ilikuwa na wakazi 8,128,553," na sentensi hiyo haitakuwa uongo kamwe, hata asipopatikana mtu wa kuirekebisha. Maneno kama "sasa", "hivi karibuni", "mwaka jana" na "kwa sasa" yanafaa katika taarifa ya habari ya redio. Katika kamusi elezo ni maradhi.

Jiji la Kigali lina tatizo la ziada. Lilikuwa na wakazi 1,132,686 mwaka 2012 na 1,745,555 mwaka 2022, na hizo mbili zinalinganishika. Lakini mipaka ya mikoa na wilaya ilibadilishwa mwaka 2006, na jiji likapanuliwa. Anayechukua idadi ya Kigali ya mwaka 2002 kwa mipaka ya zamani na kuiweka kando ya ile ya 2012 anahesabu pia watu waliohamishwa na ramani bila wao kufunga mizigo.

Sasa tuingie kwenye pato la taifa, mahali ambapo wahariri wengi hujikwaa, na hapa Kigali tuna sababu yetu ya pekee ya kujikwaa. Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Rwanda, inayojulikana kwa kifupi NISR, ilitangaza kwamba pato la mwaka 2023 lilikuwa faranga 16,355 "billion". Neno hilo ni la Kiingereza na maana yake ni milioni elfu moja. Kwa Kifaransa milioni elfu moja ni "milliard", nalo Kinyarwanda kimelichukua kuwa "miliyari". "Billion" ya Kifaransa ni kubwa mara elfu zaidi. Kiswahili sanifu kimefuata Kiingereza: bilioni ni milioni elfu. Darasani kwetu wamo walimu waliosoma kwa Kifaransa kabla ya shule kuhamia Kiingereza, uamuzi uliotolewa mwaka 2008, na wamo wanafunzi waliosoma kwa Kiingereza tangu mwanzo. Neno "bilioni" linaweza kupita kutoka mdomo mmoja hadi sikio jingine na kubadili maana njiani.

Halafu kuna ule mkato. Kwa desturi ya Kiingereza mkato hutenga maelfu. Kwa desturi ya Kifaransa mkato ndio alama ya desimali. Mtu mwenye macho ya Kifaransa akiona 16,355 anasoma kumi na sita nukta tatu tano tano. Akiandika "bilioni 16.36" ameipunguza nchi mara elfu moja, na kwa faranga hizo pato la mwaka la taifa zima lingekuwa dola milioni 14 hivi, kiasi kisichofikia hata gharama ya kujenga Kigali Convention Centre. La hatari zaidi ni kwamba kosa hilo halionekani upesi. Pato halisi la Rwanda kwa dola mwaka huo lilikuwa bilioni 14 hivi, kwa hiyo "bilioni 16" inapita mbele ya macho kama jambo la kawaida, na msomaji anadhani ni dola. Njia salama ni kuandika "faranga trilioni 16.36" na kutaja sarafu kila mara.

Tena takwimu yenyewe haitulii. Mwaka uliofuata NISR ilipotangaza pato la 2024 kuwa faranga bilioni 18,785, ililinganisha na bilioni 16,626 za mwaka 2023, si 16,355. Hakuna aliyedanganya. Makadirio ya kwanza hutolewa kabla taarifa zote hazijafika, kisha hurekebishwa. Mhariri aliyekuta 16,355 katika kamusi elezo na 16,626 katika taarifa mpya hana sababu ya kumlaumu mwenzake kwa uzembe. Abadilishe namba, ataje taarifa aliyoitumia na mwaka wake, basi.

Wakati mwingine badiliko ni kubwa kuliko hilo. Mwezi Septemba 2014 Kenya ilibadili mwaka wa kizio wa hesabu zake, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia miaka mingine, na ikajumuisha shughuli ambazo hapo awali hazikuhesabiwa vizuri. Pato la mwaka 2013 likaongezeka kwa takriban robo. Wakenya hawakulala maskini wakaamka matajiri; kipimo ndicho kilichobadilishwa. Kamusi elezo inayochora mstari mmoja kutoka namba za zamani hadi za baada ya Septemba 2014 inasimulia muujiza ambao haukutokea.

Dola nayo huvuruga. Mwaka 2023 faranga ya Rwanda ilipoteza takriban asilimia 18 ya thamani yake dhidi ya dola, kwa mujibu wa Benki Kuu ya Rwanda. Mwaka huohuo uchumi ulikua kwa asilimia 8.2. Anayetazama pato kwa dola peke yake ataona ukuaji mdogo. Anayelitazama kwa faranga bila kuondoa kupanda kwa bei ataona ukuaji wa kutisha. Wote wawili wanaangalia nchi moja.

Tahadhari nyingine inahusu utabiri. Mashirika ya fedha ya kimataifa huchapisha makadirio ya miaka ijayo katika majedwali yaleyale yenye namba za miaka iliyopita, na mhariri mwenye haraka hachungulii maelezo ya chini. Kabla ya janga la Korona, Rwanda ilitabiriwa kukua kwa karibu asilimia 8 mwaka 2020. Uchumi ulisinyaa kwa asilimia 3.4. Mwaka uliofuata ukapanda kwa asilimia 10.9, namba ambayo haina maana kamili bila kujua shimo lililotangulia.

Mfano mgumu kuliko yote ni umaskini, na ningependa tukae hapo kidogo. Uchunguzi wa hali ya maisha ya kaya, unaojulikana kwa kifupisho cha Kifaransa EICV, ulitoa namba hizi: asilimia 56.7 ya wananchi walikuwa maskini mwaka 2005/06, 44.9 mwaka 2010/11, 39.1 mwaka 2013/14, 38.2 mwaka 2016/17, na 27.4 mwaka 2023/24. Zinapendeza kupangwa katika mstari mmoja, na ndivyo mtu asiyejua atakavyofanya. Lakini namna ya kupima ilibadilika njiani. Kwa kipimo kipya kilichotumika katika matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025, umaskini wa mwaka 2017 ulihesabiwa upya kuwa asilimia 39.8. Kwa hiyo 27.4 inalinganishwa na 39.8, si na 38.2.

Zaidi ya hayo, namba ya 2013/14 ilizua mabishano. Baadhi ya wasomi walisema kwamba mabadiliko ya mstari wa umaskini ndiyo yaliyoonyesha kushuka ambako kwa maoni yao hakukuwepo, na gazeti la Financial Times la London likachapisha uchambuzi wa namna hiyo mwezi Agosti 2019. Serikali ya Rwanda iliukataa, na Benki ya Dunia ikasimama upande wa takwimu rasmi. Mhariri wa kamusi elezo afanye nini? Kanuni ya Wikipedia haimtaki awe hakimu. Inamtaka aandike nani alisema nini, lini, na wapi imechapishwa, bila kuongeza hesabu zake mwenyewe. Kuficha namba rasmi kwa kuwa kuna mtu ameipinga si uadilifu, na kuficha upinzani kwa kuwa namba ni rasmi pia si uadilifu. Kwa Kiswahili jambo hili linahitaji vitenzi vilivyopimwa. "Ilitangaza", "ilikadiria", "ilidai", "ilithibitisha", "ilikanusha": kila kimoja kina uzito wake, na anayeandika "ilidai" pale ilipostahili "ilitangaza" ameshatoa hukumu bila kuhisi.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya idara kama yetu. Namba zinaweza kuchotwa na programu ya kompyuta. Tangu mwaka 2012 kuna ghala la takwimu liitwalo Wikidata ambalo toleo lolote la Wikipedia linaweza kuvuta namba kutoka humo. Ila sentensi inayoibeba namba haiandikiki yenyewe. Mfumuko wa bei Rwanda ulikuwa wastani wa asilimia 14.0 mwaka 2023 na 4.8 mwaka 2024. Ukiandika "bei zilishuka mwaka 2024" umekosea. Bei ziliendelea kupanda, ila kwa mwendo wa polepole zaidi. Mama anayenunua maharagwe Kimironko atakusahihisha kabla ya mwanauchumi. Vivyo hivyo, umaskini uliposhuka kutoka 39.8 hadi 27.4 haukupungua kwa "asilimia 12.4". Ulipungua kwa pointi 12.4 za asilimia, ambayo ni karibu theluthi ya ulivyokuwa. Na "pato la taifa" lenyewe? Wapo wanaolitumia kwa thamani ya vyote vilivyozalishwa ndani ya mipaka, hata na kampuni ya kigeni, na wapo wanaolitumia kwa mapato ya raia popote walipo. "Pato la ndani" lingetenganisha mambo haya mawili, endapo wahariri wangekubaliana kulitumia. Mjadala wa namna hiyo unaweza kufanywa katika ukurasa wa majadiliano ambao kila makala ya Wikipedia inao, na ningefurahi kuona majina ya wanafunzi wetu huko.

Jaribio la kuwavuta wanafunzi limewahi kufanyika. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliandaa mashindano ya kuandika makala ya Wikipedia kwa Kiswahili, yaliyowalenga wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, na washindi wakapewa zawadi. Makala mengi yalipatikana, lakini wengi wa walioyaandika hawakuendelea kuhariri baada ya mashindano kwisha. Kuanzisha makala kuna fahari yake. Kurudi miaka mitatu baadaye kubadili 8.2 kuwa 8.9 hakuna zawadi, wala anayekuona.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Badala ya kumtaka mwanafunzi wa mwaka wa pili atafsiri makala mazima kutoka Kiingereza, apewe aya moja tu ya uchumi iliyopo tayari kwa Kiswahili. Afungue historia ya ukurasa aone namba iliwekwa lini, kwani kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe yake. Atafute taarifa ya asili, iwe ya Kinyarwanda, Kifaransa au Kiingereza, maana lugha ya chanzo si kizuizi. Aandike upya sentensi ikiwa na mwaka, sarafu, na jina la aliyepima, kisha aweke tanbihi. Mwalimu asahihishe ngeli na vitenzi kabla haijahifadhiwa, na mwalimu wa uchumi aangalie namba. Kazi hiyo haizidi saa mbili. NISR hutoa hesabu za mwaka mzima uliotangulia kila mwezi Machi, kwa hiyo wiki ya mwisho ya mwezi huo ingefaa kuwekwa kwenye ratiba ya idara.