Elimu ya Mzabibu kwa Wakulima wa Nchi Kavu

Watu wengi hudhani ya kuwa mzabibu ni mmea wa nchi za baridi tu. Hununua zabibu kavu za kutia katika wali na pilau, wala hawafikiri kwamba mmea huo waweza kuzaa katika nchi ya jua kali na mvua haba. Jambo hili limekwisha kuthibitishwa Dodoma, katikati ya Tanzania, ambako mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570 tu. Kwa hiyo watu wa Galbet na wenzao wa Garissa, walimao nyanya, tikiti, ndizi na maembe kando ya Mto Tana, wanayo sababu ya kuyajua mambo ya Dodoma. Lakini yawapasa kuyapima kabla ya kuyafuata.

Mizabibu ya Dodoma ilianzia katika mashamba ya wamisionari wa Bihawana. Baadaye Serikali iliweka kituo cha utafiti Makutupora, kaskazini ya mji, ambako wataalamu hujaribu mbegu, huchunguza magonjwa na kuwafundisha wakulima. Fundisho kubwa kupita yote ni la kupogoa, yaani kukata matawi.

Katika Ulaya baridi huulaza mzabibu kila mwaka, majani yakapukutika, kisha mmea ukaamka na kuzaa mara moja. Katika nchi zetu hakuna baridi ya namna hiyo, na mzabibu ulioachwa hutoa majani mengi na matunda machache. Mkulima hushika mkasi badala ya baridi. Hukata matawi yaliyokomaa, akabakiza macho machache katika kila tawi. Macho hayo huchipua, na katika machipukizi mapya ndimo vichala hutokea. Tangu kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne hivi. Ndiyo sababu wakulima wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka.

Ajuaye hesabu hiyo aweza kuchagua mwezi wa mavuno. Zabibu zilizoiva zikinyeshewa hupasuka na kuoza, basi yafaa ziive wakati wa ukavu. Kwa majira ya Garissa, mzabibu uliopogolewa mwisho wa Septemba utaiva mwisho wa Januari, mvua za mwisho wa mwaka zikiwa zimekwisha. Na uliopogolewa mwisho wa Aprili utaiva mwisho wa Agosti.

Hata hivyo Garissa si Dodoma. Mji wa Dodoma uko mita 1,100 hivi juu ya bahari, na Garissa haifiki mita 200; joto la mchana hapa hufika digrii 35 na zaidi. Mfano mmoja utaonyesha hatari yake. Ugonjwa wa ubwiri unga, ambao hufunika majani na matunda kwa kitu cheupe kama unga, huzuiwa kwa dawa ya salfa. Lakini joto likipita digrii 32 hivi, salfa yaweza kuyaunguza majani yenyewe. Dawa iliyomponya mkulima wa nchi moja yaweza kumtia hasara mkulima wa nchi nyingine, ikiwa hakuambiwa saa ya kuitumia.

Tena kuna mafuriko. Mto Tana ulifurika mwaka 1997, 2018, 2023 na 2024. Mwenye nyanya akipoteza mazao hupanda tena, akavuna baada ya miezi michache. Mwenye mzabibu hungoja mwaka mmoja hadi miwili apate tunda la kwanza, naye amekwisha kugharimia nguzo, waya na mafuta ya pampu. Mmea huo, ambao ukitunzwa huishi zaidi ya miaka 20, upandwe mahali pa juu, penye udongo usiotuamisha maji.

Mwisho ni habari ya soko. Zabibu nyingi za Dodoma ni za mvinyo, na viwanda visiponunua mkulima hana pa kuzipeleka. Katika Garissa, ambako watu walio wengi ni Waislamu, yafaa kutafuta aina za kuliwa mbichi au za kukaushwa.

Kwa hiyo asing'oe mtu migomba yake kwa sababu ya habari njema za mbali. Kwanza awaulize maofisa wa kilimo wa Kaunti na wataalamu wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo la Kenya. Kisha apande miche michache, na kuandika tarehe ya kupogoa, maji aliyotia na uzito aliovuna. Wataalamu nao wasiishie katika kugawa karatasi. Kupogoa hakujulikani kwa kusikia. Mkulima hana budi kupewa mkasi, akaonyeshwa jicho la kubakiza na la kukata, katika shamba lililo jirani na lake.